Fimbo, rili na uzi: anza na chambo

Leo tuweke kando seva na hifadhidata. Nataka tuzungumzie kifaa kisicho na skrini wala betri, ambacho kimenifanya nipige hesabu nyingi kuliko siku niliyonunua laptopu yangu: rili ya kuvulia samaki ambayo bobini yake inazunguka unaporusha chambo.

Kwanza, kwa nini uvuvi? Baada ya miaka mingi ya kibodi na kipanya, kifundo cha mkono wangu wa kulia kimechoka. Kuna asubuhi ambazo nashindwa kushika kikombe cha chai. Daktari alinishauri nipunguze saa za kompyuta, na nitafute kazi nyingine ya mikono isiyorudia mwendo uleule siku nzima. Mjomba wangu anaishi Naivasha na ana mashua ndogo. Aliposikia habari hiyo alisema, "Njoo Jumamosi, mpwa wangu, tukavue besi. Lakini uje na fimbo yako. Yangu siazimi mtu."

Besi ni samaki mwenye mdomo mpana, asili yake Amerika ya Kaskazini. Alipandikizwa katika ziwa Naivasha mwaka 1929. Mwaka 1970 akaletwa pia kamba mwekundu wa maji baridi, naye asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Kwa hiyo besi wa Naivasha anamla jirani yake wa zamani, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani kwao wote wawili. Hujificha kwenye mafunjo, chini ya gugu maji, na kwenye migunga iliyofunikwa na maji ziwa lilipofurika mwaka 2020. Kumbukeni mahali hapo anapojificha, kwa sababu ndipo hesabu yote inapotoka.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 20,000 kwa kila kitu. Nikikosea kuchagua, sina nyingine. Na kama fimbo ingeniumiza mkono zaidi, ningepoteza pesa na mkono pia. Basi nikaketi na daftari, kama ninavyofanya kabla ya kuandika programu yoyote.

Rili hii inafanyaje kazi

Rili iliyozoeleka na wengi ina bobini isiyozunguka wakati wa kurusha. Uzi unatoka kwa kuteleza pembeni, kama unavyotoka kwenye kibiringo kilichosimama mezani. Ni rahisi kujifunza. Rili ninayoizungumzia bobini yake imelala juu ya fimbo, na ukirusha inazunguka yenyewe kutoa uzi. Faida yake ni kwamba kidole gumba kiko juu ya uzi muda wote, kwa hiyo unaweza kusimamisha chambo mahali unapotaka, kwa mfano hatua moja kabla ya mafunjo. Pia inavumilia uzi mnene na samaki anayevuta kwa nguvu kuelekea kwenye mizizi.

Shida yake ni hii. Chambo kikiwa hewani kinapungua kasi kwa sababu ya upinzani wa hewa, lakini bobini haina habari. Inaendelea kuzunguka na kutoa uzi ambao hakuna anayeuvuta. Ndani ya nusu sekunde una msokoto wa uzi ambao utakaa kuufumua huku wenzako wanavua. Mwenzangu mwandishi wa programu ataitambua hali hii mara moja: upande mmoja unatuma data haraka kuliko upande wa pili unavyoweza kupokea.

Dawa ni breki, na ziko za aina tatu. Ya kwanza ni kirungu kidogo cha pembeni kinachobana mhimili wa bobini. Ya pili ni vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko na kusugua ukingo. Kadiri bobini inavyokwenda kasi ndivyo vinavyosugua zaidi. Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha: sumaku. Bobini ya alumini ikizunguka karibu na sumaku, mikondo ya umeme inazaliwa ndani ya alumini na kupinga mzunguko huo. Hakuna kinachogusana, hakuna kinachochakaa. Unageuza kitufe, sumaku inasogea karibu au mbali.

Iko pia rili yenye kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuuza rili yenye chipu inayosoma kasi ya bobini na kuamua ifunge breki kiasi gani. Umeme wake inautoa kwenye mzunguko wa bobini yenyewe. Mnaweza kufikiria nilivyoitazama picha yake! Tena historia ya rili hizi ni ya watu wa aina yetu. George Snyder, aliyetengeneza rili za gia huko Kentucky mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa fundi wa saa. Na kampuni ya ABU ya Sweden, iliyoanza mwaka 1921, ilianza kama kiwanda cha saa kabla ya kugeukia rili.

Lakini chipu sikununua. Bei yake ingekula bajeti yote, na bado ningehitaji kidole gumba kusimamisha bobini chambo kinapogusa maji. Nikaona heri nilipie sumaku, na kidole nikifundishe mwenyewe.

Hesabu kutoka mwisho wa uzi

Ushauri mwingi niliousoma unaanza na rili. Mimi nasema anza na chambo, kwa sababu ndicho kinachoivuta bobini. Chambo chepesi hakina nguvu ya kuizungusha vizuri, na hapo ndipo anayeanza anapokata tamaa. Chini ya gramu 7, tumia rili ya kawaida.

Mjomba anatumia chambo bandia kinachofanana na yule kamba mwekundu, chenye uzito wa kati ya gramu 10 na 14. Nikaandika namba hiyo juu ya ukurasa. Zilizobaki zikafuata.

Fimbo: juu ya mpini wa fimbo nzuri pameandikwa uzito wa chambo inachobeba na nguvu ya uzi inaotaka. Vipimo ni vya Kimarekani, kwa hiyo badilisha: aunsi moja ni gramu 28.35, ratili moja ni kilo 0.454. Nilichagua iliyoandikwa robo hadi robo tatu ya aunsi, yaani gramu 7 hadi 21. Gramu 10 hadi 14 ziko katikati, si pembeni. Herufi MH maana yake ugumu ulio kati ya wastani na mzito, unaotosha kumtoa samaki kwenye mafunjo. Herufi F maana yake fimbo inapinda zaidi karibu na ncha. Urefu ni futi 7, yaani mita 2.13, na mpini ni mrefu wa kutosha kurusha kwa mikono miwili. Hilo kwangu ni muhimu, maana mzigo unagawanyika. Nilichukua ya vipande viwili, kwa sababu sina gari, na jaribuni kuingia matatu ya Naivasha na fimbo ya mita mbili muone kondakta atasema nini.

Rili: gia ya 6.3 kwa 1. Ukizungusha mpini mara moja, bobini inazunguka mara 6.3. Bobini iliyojaa yenye kipenyo cha sentimita 3.4 inavuta karibu sentimita 67 kwa kila mzunguko. Ziko za 8.1 zinazovuta sentimita 86, lakini gia ya haraka inataka nguvu zaidi mkononi, na mimi nguvu hiyo sina. Rili yenye umbo la chini inakaa vizuri kiganjani, na yangu ina uzito wa gramu 200 hivi.

Hapa kuna uamuzi mmoja usiofutika. Rili ya kawaida unaweza kuhamisha mpini kulia au kushoto. Hii huwezi, uliyonunua ndiyo hiyo hiyo. Nilichukua fimbo ya ufagio, nikafunga chupa ya maji katikati, nikaishika dakika kumi kwa kila mkono huku nikiitikisa kama ninayechezesha chambo. Mkono wa kulia ulianza kuuma dakika ya nne. Basi nikachagua mpini wa kulia. Nikisharusha, fimbo inahamia kushoto, na kazi ya kuibeba na kuitikisa inabaki huko. Wa kulia unazungusha tu. Mwenye mikono mizima anaweza kuamua vingine, lakini apime kabla ya kulipa.

Uzi: kuna nailoni, florokaboni na uzi wa kusuka. Wa kusuka ni mwembamba na haunyumbuki, lakini ukilegea kwenye bobini unazama katikati ya mizunguko yake na kunasa. Florokaboni inazama na haionekani sana majini, ila ni ngumu na ni ghali. Nailoni inanyumbuka na ni rahisi. Kwa anayejifunza nasema nailoni ya ratili 14, karibu kilo 6.4. Ni nene kiasi kwamba msokoto unafumuka kwa vidole, na ukikataa kufumuka unakata mita ishirini bila kulia. Jaza bobini mpaka ibaki kama milimita 3 kufika ukingoni, usizidishe.

Kabla ya kwenda ziwani

Nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ulio karibu, jioni, na kipande cha risasi cha gramu 14 kisicho na ndoana. Kaza kile kirungu cha pembeni mpaka chambo kishuke polepole, na bobini isimame kinapogusa ardhi. Sumaku weka juu kabisa, kisha punguza namba moja kila siku. Rusha kwa upole. Mwendo wa kushtuka ndio unaoleta msokoto. Wiki ya kwanza karibu kila mrusho wa tano ulisokota. Wiki ya tatu nilimaliza jioni nzima bila kufumua kitu.

Breki ya kumchosha samaki, ile inayoachia uzi akivuta sana, niliipima kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 1.6, robo ya nguvu ya uzi. Leseni ya uvuvi ni lazima, na uliza kama ziwa halijafungwa msimu huo. Viboko ni wengi, kwa hiyo msikilizeni mwenye mashua.

Jumamosi ya kwanza nilipata besi wawili wadogo, hakuna aliyefika kilo. Mjomba aliigeuza rili yangu mkononi, akarusha mara moja, akasema, "Nyepesi hii." Kisha akarusha tena mara tatu kabla ya kunirudishia.

Tulikuwa majini saa nne. Jumatatu asubuhi nilishika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia bila shida. Sidai kwamba uvuvi unatibu, na mazoezi ya daktari bado nayafanya kila siku. Lakini saa nne bila kipanya ni saa nne.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kaeni salama.