Zawadi, Tuzo na Deni

Katika masomo yote ya Kiingereza niliyofundisha, hakuna lililowasumbua wanafunzi wangu kama lile la maneno ya kutoa na kupokea zawadi. Maneno yenyewe si magumu kuyatamka. Ugumu ulikuwa katika mawazo. Mtoto wa Magindu aliyekuja darasani na neno moja la nyumbani, “zawadi”, aliwakuta Waingereza wamemwekea matano: “gift”, “prize”, “award”, “reward” na “honour”. Aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: kwa nini watu hawa wanakigawa kitu kimoja mara tano?

Nilizoea kuwajibu kwamba kila neno lina swali lake. “Gift” huuliza: nani amekupenda? “Prize” huuliza: umemshinda nani? “Award” huuliza: nani amekupima akaona unafaa? “Reward” huuliza: umefanya kazi gani? Na “honour” huuliza: watu wanakutazama kwa jicho gani? Mwanafunzi akishaweza kuyajibu maswali hayo, maneno hujipanga yenyewe.

Ndugu msomaji, chukua mifano ya kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia na kumwacha nyuma John Walker, mwenyeji wa nchi ile. Medali ile ya dhahabu hakuna aliyempa kwa hisani. Aliitwaa kwa miguu yake. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yeye hakukimbizana na mtu, wala kwa taratibu za tuzo hiyo mtu haruhusiwi kulipendekeza jina lake mwenyewe. Wengine walivisoma vitabu vyake, wakavipima, wakamtunukia. Na yuko John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea mguu ukiwa umefungwa bandeji, akafika wa mwisho jua likiwa limekwisha kuzama. Hakushinda kitu. Hata hivyo mwaka 1983 taifa lilimvika nishani, na jina lake linatajwa hadi leo na watu wasiomkumbuka aliyekuwa wa pili siku ile. Hiyo ndiyo heshima, nayo haitaki saa ya kupimia.

Sasa, asije mtu akadhani ninasema Kiswahili ni maskini. La hasha. Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Hapo ndipo lilipotoka neno tuzo, ambalo wengine huliita tunzo. Huku kwetu Pwani, tangu Kisarawe hadi Kibaha, ngoma ikikolea na mchezaji akizungusha kiuno ipasavyo, shangazi huinuka alipoketi, hujitosa uwanjani na kumbandika noti kwenye paji la uso. Mchezaji hasimamishi ngoma ili apige magoti kushukuru. Anaendelea kucheza, kwa kuwa noti ile imeufuata mchezo wake. Tunalo pia neno kutunuku, ambalo Mkuu wa Chuo Kikuu hulitumia anapowapa wahitimu shahada zao. Maneno tunayo. Tatizo ni kwamba siku ya mahafali ya shule zetu tunayaacha yote nyumbani, tunachukua lile moja tu: “Na sasa mgeni rasmi atatoa zawadi.”

Nilikuja kuuona uzito wa jambo hili katika miaka ya 1990, nikiwa mwalimu mkuu. Binti mmoja wa darasa la saba alikuwa ameongoza kwa masomo yote. Mgeni rasmi akamkabidhi madaftari kumi na mawili, kalamu na sufuria. Makofi yakapigwa. Siku ya tatu yake baba yake, mfugaji, alikuja ofisini akiwa na mbuzi dume kwa kamba.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mzee. Huyu mbuzi vipi?”

“Nimemleta kwa yule mkubwa aliyempa mwanangu zawadi. Kwetu mtu hapokei mkono mtupu akanyamaza. Nisipomrudishia, kesho atakuja kudai kwa njia yake.”

Maneno yale ya mwisho yalinikaa moyoni. Mzee yule hakuwa na darasa hata moja, lakini alikuwa akielewa zawadi ni nini kuliko sisi tuliolitangaza neno lile kwa kipaza sauti. Zawadi hufunga watu wawili. Anayepokea hubaki na deni, hata kama ni deni la shukrani tu. Na binti wa miaka kumi na minne ana watu wengi wanaopenda kumwekea deni. Yupo wa dukani anayempa soda, yupo wa baiskeli anayempa lifti, yupo anayemletea khanga kutoka mjini. Wote hao husema neno hilo hilo: zawadi. Ikiwa shule nayo itamfundisha kwamba alichokitolea jasho kwa miaka saba ni zawadi ya mwanamume mkubwa, basi atajuaje kutofautisha?

Nikamwambia: “Mzee, mgeni yule ameizawadia shule, na shule imekwisha kumshukuru. Yale madaftari shule ndiyo iliyomtuza binti yako, kwa sababu ameshinda. Ni haki yake. Hana deni kwa mtu, wala wewe huna.”

Alinitazama kitambo, kisha akaikusanya kamba mkononi. “Kumbe ni ujira wake,” akasema. “Basi mbuzi arudi zizini.”

Ujira! Pale pale alikuwa amelipata neno la nne la Waingereza bila kitabu.

Tangu mwaka uliofuata tulibadili mambo mawili madogo. Mgeni aliyeleta vitu alivikabidhi kwa kamati ya shule mwanzoni mwa sherehe, akashukuriwa kwa heshima zote. Kisha mwalimu wa darasa ndiye aliyemwita mtoto, akasoma mbele ya watu kazi aliyoifanya, akasema: “Shule inakutuza.” Hatukuongeza gharama hata senti moja.

Walimu vijana mtakaosoma kurasa hizi, wafundisheni watoto hayo maneno matano ya Kiingereza, maana mtihani utayauliza. Lakini zaidi ya mtihani, wafundisheni kuuliza kila mkono unapowanyooshea kitu: hiki ni cha upendo, au ni cha kazi yangu? Kikiwa cha upendo, na washukuru, tena wajue kwamba wana ruhusa ya kukikataa. Kikiwa cha kazi yao, na wakipokee wakiwa wamesimama wima.