Jalada Lisilokuwepo: Sauti, Sura na Jina katika "Chemirocha"

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuanza kazi yake katika ukurasa wa kwanza wa matini. Jalada huachiwa mchoraji na mchapishaji, kana kwamba kazi yake ni kukinga vumbi tu. Hata hivyo, Roland Barthes, katika Mythologies (1957), alilichukua jalada la jarida la Paris Match, lenye kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa akipiga saluti, akaonyesha jinsi picha moja inavyoweza kubeba hoja nzima ya kikoloni bila kutamka neno. Miaka 30 baadaye, katika Seuils (1987), Gérard Genette aliviita vitu vinavyoizunguka matini, kama vile jina la mtunzi, anwani na dibaji, kuwa ni vizingiti. Hapana aingiaye nyumbani bila kukivuka kizingiti.

Muziki una haja kubwa zaidi ya kizingiti hicho, kwa kuwa sauti haina uso. Jalada la jarida la muziki, la santuri au la kaseti huipa sauti uso huo kwa picha, rangi na umbo la herufi. Swali la kuulizwa basi si iwapo jalada linapendeza, bali ni nani aliyepewa mamlaka ya kuchora uso wa mwenzake. Swali hili linajibika vizuri kwa mfano kutoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ingawa mfano wenyewe hauna jalada.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, katika eneo la Wakipsigis, akarekodi nyimbo tatu zenye jina moja: "Chemirocha". Ya tatu, ambayo ndiyo iliyovuma zaidi, iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa kinubi kiitwacho chepkong'o. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimekwisha kusikika huko. Jina lake lilipopita katika vinywa vya Wakipsigis lilitoka na Che- mwanzoni, sauti ile ile ianzayo majina ya wanawake kama Chebet na Chemutai. Mgeni alipewa makao katika lugha kabla ya kupewa sura.

Sura nayo ikafuata. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwona mwimbaji huyo kuwa nusu mtu na nusu paa, na katika wimbo wanamhimiza arukeruke katika ngoma hata nguo zimvuke. Kwao sauti ilifika bila mwili, nao wakaufinyanga mwili huo kwa udongo uliokuwa karibu, yaani mnyama wa mbugani, ngoma ya kwao na mzaha wa ujana.

Wako waliosoma taswira hii kama kioja cha watu wasiojua santuri ni nini. Usomaji huo ni finyu. Huko Marekani kwenyewe, Rodgers alitangazwa kwa mavazi. Katika filamu fupi ya mwaka 1929 anaonekana akiwa mfanyakazi wa reli, kazi aliyoiacha kwa sababu ya kifua kikuu, na katika picha nyingine amevaa kofia pana ya mchunga ng'ombe. Kampuni zilimvika mavazi ili auzike, ilhali wasichana wa Kapkatet walitaka ayavue ili acheze. Mchunga ng'ombe wa picha za biashara na paa wa wimbo wote ni ubunifu. Tofauti ni kwamba mmoja ulitengenezwa na soko, na mwingine na hadhira.

Hapa hadhari inahitajika. Msikilizaji asiyejua Kikipsigis hamsikii paa huyo katika wimbo. Anamsoma katika maelezo. Maelezo ya mkusanyaji yamekuwa ndiyo jalada, na jalada limetangulia matini. Katika mfululizo wa santuri 210 uitwao Sound of Africa, uliotolewa na maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey mwaka 1954, kila wimbo uliandaliwa kadi ya maktaba, ikitaja lugha, mahali na ala. Ni haki kukiri kwamba kwa kumbukumbu hizo jina la Chemutoi Ketienya halikupotea. Majani ya chai yachumwayo katika vilima hivyo hivyo hupelekwa mnadani Mombasa, huchanganywa na ya kwingine, na huuzwa katika pakiti isiyo na jina la mchumaji. Lakini kutunziwa jina si sawa na kushirikishwa. Nakala za rekodi zilirudishwa kwa jamii hizo katikati ya miaka ya 2010, zaidi ya miaka 60 baada ya kuimbwa.

Mfano wa tatu unatoka mjini Kericho. Huko, kampuni ya Chandarana ilitoa santuri ndogo za wanamuziki wa Kikalenjin, miongoni mwao Kipchamba arap Tapotuk. Uso wa santuri kama hizo ni kibandiko cha mviringo katikati ya sahani, chenye jina la mwimbaji na la wimbo. Mhakiki wa sanaa za kuonwa angeweza kukipita bila kukitupia jicho. Hata hivyo, kibandiko hicho kinamwambia mnunuzi kwa lugha yake ni nani anayeimba, na hakihitaji kumfafanulia Mkalenjin ni mtu wa namna gani.

Uhakiki wa jalada, kwa hiyo, usiishie katika rangi na mistari. Uchunguze pia jalada linamchukulia mtazamaji kuwa anajua nini, na linamwachia mwimbaji aseme nini juu ya nafsi yake. Kwa kipimo hicho, kibandiko cha Kericho kinazishinda picha nyingi za kung'aa. Nao wasichana wa Kapkatet, ambao maelezo huwataja kama watu waliostaajabia santuri, wanastahili kusomwa kama wasanii waliokuta sauti haina jalada, wakaitungia.