Sahani Yangu ya Sikukuu Tibirinzi

Kwetu Pemba mtu haulizwi kama ana njaa. Ukipita mlangoni wakati wa chakula utakaribishwa, na ukishakaa utaletewa sinia. Miaka niliyougua vidonda vya tumbo, hilo lilinitesa kuliko maumivu yenyewe. Maumivu yana dawa. Utamwambiaje shangazi aliyeamka alfajiri kukupikia kwamba pilau lake huliwezi?

Ugonjwa ulianza kama kiungulia. Baadaye ukawa moto chini ya kifua, zaidi usiku tumbo likiwa tupu. Kila mtu alikuwa na lake: mawazo yamekuzidi, njaa ya saumu imekudhuru, kunywa maziwa. Siku nilipoona choo cheusi kama lami nikapanda boti kwenda Unguja. Daktari alinipitisha mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, akaniambia nina kidonda, na kwamba tumboni mwangu mna bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Nililia kwa faraja. Kumbe si mawazo! Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliogundua kuwa bakteria huyo ndiye chanzo cha vidonda vingi. Wenzao walikuwa wagumu kuamini, hata mwaka 1984 Marshall yeye mwenyewe akamnywa bakteria huyo, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nawaombea kheri watu wale.

Nilimeza dawa za wiki mbili, antibiotiki mbili na ya kupunguza asidi. Nikakatazwa diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake, maana nazo huchimba tumbo. Lakini kidonda hakifungi kwa siku moja. Pilipili na ndimu sizo zilizonitia ugonjwa, ila zikigusa palipochubuka, unazijua.

Ikaja Idi. Kwetu sikukuu ni siku nne, na watoto wa Chake Chake roho zao ziko Tibirinzi, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto. Kuna bembea, kuna nguo mpya, kuna vyakula vya kila harufu. Wanangu walitaka twende sote na tule sote hukohuko, na mimi sikutaka kukaa pembeni nikiwashikia viatu.

Nilikula kidogo kabla ya kutoka, wali mweupe na samaki wa kuchemsha, kwa sababu tumbo tupu ndilo adui yangu mkubwa. Mkobani nikatia ndizi mbivu na chupa ya maji. Tulipofika nikamwendea muuza urojo mapema, kabla watu hawajamzonga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nikutilie?"

"Bibi, nina vidonda vya tumbo. Mchuzi wenye embe na ndimu siuwezi, pilipili siiwezi. Lakini nataka kula kwako."

Nadhani yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyomgusa. Aliweka upawa chini, akachukua kijiko kingine, akakisuuza kwa maji ya moto. Akachota viazi vya kuchemsha vilivyokuwa bado havijaingia mchuzini, akanimenyea yai, akanyunyiza chumvi kwa ncha za vidole. Mkono wake ukaenda kwenye bajia, ukasita.

"Zina pilipili hizi," akasema. "Ziache. Marehemu mume wangu aliumwa hivyohivyo. Alikuwa akiona haya kusema, akila tu, usiku halali."

Nililipa, nikakaa na wanangu kwenye ukingo wa saruji, bakuli zao za njano na sahani yangu nyeupe. Mdogo aliniomba kiazi, nikampa.

Siku ya pili ya Idi nikaenda kwa shangazi na maneno yaleyale, pamoja na lile la mwisho. Alinung'unika kwamba zamani maradhi haya hayakuwepo, kisha akaingia jikoni. Akatoka na wali na samaki wa tui jepesi, bila ndimu wala pilipili. Nilimaliza, nikaomba tena.