Kwa Nini Matajiri Hawazai?

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilifunga siku tatu kwa ajili ya mdogo wangu. Ana miaka 36, ameolewa miaka minane sasa, na anaishi Uingereza na mumewe, ambako anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hana mtoto. Mimi ndiye niliyepeleka jina lake kikundini, tena bila kumwuliza. Habari zikamfikia kwa njia ya binamu yetu, na usiku ule ule akanipigia simu.

"Dada, nani kawaambia watu kwamba mimi ni tasa? Hatujazaa kwa sababu tumeamua kusubiri. Na huenda tusizae kabisa."

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepokea watoto, na kila juma nawafundisha wanawake kliniki habari za uzazi wa majira: zaa kwa nafasi, zaa unaoweza kuwalea. Lakini huyu niliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani, niliona haiwezekani aamue hivyo akiwa na akili zake timamu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Tulikaa miezi miwili bila kusemezana.

Katika miezi hiyo ndipo nilipoanza kusoma juu ya jambo hili, kwanza ili nipate hoja za kumshinda.

Ili idadi ya watu wa nchi isipungue, inabidi kila mwanamke azae kwa wastani watoto 2.1. Hiyo sehemu ndogo ya ziada ina sababu yake: wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, na wasichana wengine hufariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Japani ilishtuka mwaka 1990 ilipotangazwa kwamba wastani wake wa mwaka uliotangulia ulikuwa 1.57. Mwaka 2024 ulikuwa umeshuka hadi 1.15. Italia mwaka huo huo ilikuwa 1.18. Kampuni ya Oji ya Japani ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la nchini mwake, na kutia nguvu katika nepi za wazee. Habari hiyo niliisoma mara mbili. Mdogo wangu huzibadilisha nepi hizo kila usiku.

Iliyonigusa zaidi ni Korea Kusini. Mwaka 1960 mwanamke wa huko alizaa watoto kama sita, na nchi ilikuwa maskini. Mwaka 1962 serikali ikaanzisha kampeni ya uzazi wa majira, mafundisho yale yale ninayoyatoa mimi. Watu walisikia. Kufikia miaka ya themanini wastani ulikuwa umeshuka hadi watoto wawili, kisha ukazidi kushuka. Mwaka 2023 ulikuwa 0.72, yaani hata mtoto mmoja haufiki. Uliofuata ulipanda kidogo tu, 0.75.

Kwa nini? Siyo kwamba wanawake wale wamelaaniwa. Nyumba ni ghali. Masomo ya ziada ya jioni hula mshahara wa wazazi. Kazini watu hukaa mpaka usiku, na mama akitoka kwenda kujifungua anaweza kurudi akute nafasi yake haipo tena. Akifika nyumbani, kupika na kufua bado ni kwake. Msichana anayaona hayo yote kwa dada yake, naye anasema, mimi hapana.

Serikali zimejaribu fedha. Hungary, tangu mwaka 2020, ilimwondolea kodi ya mapato maisha yake yote mama mwenye watoto wanne. Wastani ulifika kama 1.6 mwaka 2021, kisha ukashuka tena hadi karibu 1.4 mwaka 2024. Sweden iliwapa akina baba likizo ya uzazi pamoja na akina mama tangu mwaka 1974, jambo ambalo waume zetu wangelisikia wangecheka, na bado mwaka 2024 ilikuwa karibu 1.4. Kwa hiyo wanaosema kwamba wanawake wa Ulaya hupenda mbwa kuliko watoto, nami nilikuwa mmojawao, wanarahisisha mno.

Niliposhindwa kupata hoja nilimpigia simu mdogo wangu. Akanieleza. Yeye huingia kazini usiku, mumewe mchana, huonana mlangoni. Ada ya kumweka mtoto mchana kwa walezi ingemaliza karibu mshahara wa mmoja wao. Rafiki yake mmoja alimwacha binti yake kwa bibi huku nyumbani, kwa sababu kuanzia Machi 2024 Uingereza iliwakataza watunza wazee wapya kuja na watoto wao. Nilishangaa: nchi inayokosa watoto ilimwita mama na kumwambia amwache mtoto wake.

Kisha akasema, "Dada, ulipojifungua mtoto wako wa kwanza, mama alikaa kwako miezi mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nafua nepi. Nikizaa huku, nani atanifulia?"

Sikuwa na jibu. Mama yetu alizaa tisa, mimi nimezaa wanne. Hapa Tanzania wastani ulikuwa 5.8 mwaka 1996, na mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Binti yangu mkubwa, aliye chuoni, amekwisha kuniambia kwamba wawili watamtosha. Zamani ningemkemea. Safari hii nilimwuliza tu nani atamsaidia kuwalea, akacheka, akasema, "Si wewe, mama?"

Jumatano iliyofuata nilisimama kikundini nikawaambia akina mama kwamba nilikosea kulileta jina lile. Mzee wetu mmoja, mama mwenye wajukuu 23, aliuliza, "Sasa huyo binti akizeeka nani atamtunza?" Mwingine akamjibu kwamba huenda ni mjukuu wake mmojawapo, maana wawili wameshaomba kazi huko. Watu wakacheka, lakini yule mama hakucheka.

Mwezi wa Desemba nina likizo. Nimeanza kuulizia nauli na viza.