Thumni ni Ngapi?

Binti zetu wa gredi ya nne wakiulizwa ipi kubwa, 1/6 au 1/8, wengi hujibu 1/8, kwa kuwa nane imeizidi sita. Sisi huwakatia mikate miwili ya sinia iliyo sawa, mmoja vipande sita, mwenziwe vinane, tukawaachia wachague. (Hajatokea bado aliyechukua kile chembamba!) Hapo ndipo twawapa majina yaliyozoewa na bibi zao: sudusi na thumni.

Thumni ndiyo fungu la mjane ikiwa marehemu ameacha watoto. Shamba likiuzwa shilingi 800,000, pasipo deni wala wasia, na mjane ni mmoja, lake ni 100,000. Tumemshuhudia aliyepewa 60,000 akazipokea kwa shukrani, na hesabu hakuiuliza.