Barabara ya Leadfield
Tuliifuata kwa miguu, mume na mke peke yetu, barabara iliyochongwa mwaka 1926 kwenda Leadfield, katika jangwa la Death Valley, California. Watu waliuziwa hisa za mgodi wa madini ya risasi. Madini yakawa haba, na mwaka uliofuata mji ukahamwa. Vimebaki vibanda vya mabati na mashimo.

Tulikuwa hatujaomba pamoja kwa miezi minne, tangu akiba yetu ilipopotelea kwa ndugu mmoja aliyetuahidi faida ya haraka. Kila mmoja alimlaumu mwenzake kimoyomoyo, ingawa kwenye kwaya tuliendelea kuimba bega kwa bega.

Kufika saa sita mchana maji yalibaki nusu chupa. Kosa letu, tulidhani Januari haina kiu. Kunywa wewe. Hapana, wewe. Chupa ikaenda na kurudi mara tatu bila mtu kunywa, tukacheka, kisha tukalia.

Tukaketi kwenye kivuli cha kibanda, tukamtajia Mungu zile fedha, kiasi chake chote, kwa sauti. Hatukusikia jibu. Tukagawana maji, tukageuka kurudi, tukishikana mikono penye mawe.