Matembezi ya Kariakoo, Penye Simu na Kompyuta

Mtu wa bara akirudi kwao kutoka Dar es Salaam, swali la kwanza aulizwalo ni hili: "Je, ulifika Kariakoo?" Akijibu kwamba hakufika, wenzake humwona kama mtu aliyekwenda kisimani akarudi na ndoo kavu. Maana Kariakoo ndiko kwenye vitenge, sufuria, mbegu za mchicha na vipuri vya kila namna. Na siku hizi ndiko kwenye simu na kompyuta. Wenye maduka wa Tunduma, Kigoma na Masasi hupanda basi kwenda kununua huko kwa jumla, kisha huuza kwao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kama hujatia mguu Dar es Salaam maisha yako yote, yawezekana sana kwamba simu iliyo mfukoni mwako imekwisha kupita Kariakoo.

Basi twende pamoja tukapaone mahali hapo, na tusikilize watu wasemavyo juu ya vyombo hivi.

JINA LAKE

Jina la Kariakoo ni jina la vita. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka mikononi mwa Wajerumani, na wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, wakawekwa kambini mahali hapo. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Hata leo ukisimama Mtaa wa Msimbazi saa nne ya asubuhi utawaona wachukuzi na mikokoteni yao, jasho likiwatoka, wakipiga kelele: "Pisha! Pisha!"

Soko kuu lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, likajengwa katika miaka ya 1970. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021. Walakini biashara ya Kariakoo haikai katika jengo moja. Imeenea mitaani kote, na kila mtaa una kazi yake. Mwenye kutafuta nguo huenda Mtaa wa Congo. Mwenye kutafuta simu huulizia Aggrey.

Kufika si taabu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hupita Msimbazi mpaka Gerezani. Ukishuka, shika mfuko wako vizuri, nawe uulize njia. Mtaa wa Aggrey una jina la yule mwalimu maarufu wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924 kuangalia habari za shule.

Hapo utakuta maduka membamba yenye kabati za vioo, na ndani yake simu zimepangwa kama samaki sokoni. Mlangoni wamekaa vijana: "Karibu, bosi! Karibu, mama! Simu? Chaja? Kava?" Pembeni, chini ya mwavuli, fundi ameinama juu ya meza yake. Ana bisibisi ndogo kama sindano, na kioo cha kukuza vitu amekifunga jichoni. Simu iliyofunguliwa tumbo imelala mbele yake.

Vijana hao hawajui jinsi mambo haya yalivyo mapya kwetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni yenyewe haikuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, ingawa Unguja walikuwa nayo tangu mwaka 1973. Leo mtoto wa darasa la saba hukuambia simu fulani ina nafasi kiasi gani ya kuweka picha.

WATU WASEMAVYO

Nilikaa asubuhi mbili kwenye benchi la fundi mmoja, nikisikiliza maneno ya wateja. Maoni hayakukosekana.

Mzee mmoja mwenye kofia alisema kwamba simu zinatusikiliza. "Ukitaja sabuni tu, jioni waona tangazo la sabuni." Fundi alicheka, lakini mzee hakuwa mbali sana na ukweli. Wenye matangazo hawana haja ya sikio. Unapotafuta jambo katika intaneti, unapoiruhusu programu ijue mahali ulipo, unapofungua ukurasa huu na kuupita ule, hayo yote huandikwa. Ukiyaweka pamoja yanaeleza habari zako kuliko maneno ya mdomo.

Kijana mmoja wa chuo alikuwa na maoni mengine. Kwake usalama ni kununua kitu cha bei kubwa na kutia programu ya kuzuia virusi, basi, yamekwisha.

Mama mmoja, mwuza vitumbua, aliwasikia wote wawili akatikisa kichwa. "Hayo ni mambo ya matajiri," alisema. "Mimi nina cha kuibiwa gani?"

Neno hilo la mama ndilo nililolisikia mara nyingi kuliko yote, nalo ndilo lenye hatari. Fundi aliweka bisibisi chini akamjibu kwa kisa.

KISA CHA MWEKA HAZINA

Alikuwako mama mwingine, mteja wake, mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba. Wanachama walikuwa kama ishirini, kila mmoja akitoa shilingi zake kila wiki, na fedha zile zilikuwa za ada ya watoto mwezi wa Januari. Siku moja simu yake ililia. Sauti ya kijana mwenye adabu ikasema: "Shikamoo, mama." Akaitika. Kijana akasema kwamba ametuma kwa bahati mbaya namba za usajili wa kikundi kwenye simu yake; je, mama angemsomea tarakimu sita zilizoingia sasa hivi? Mama akamsomea.

Tarakimu zile ndizo zilizokuwa funguo za akaunti yake ya WhatsApp. Dakika chache baadaye alitolewa nje, naye mwizi akawa ndani, ana jina la mama na picha ya mama. Aliwaandikia wanachama wote: fedha za wiki hii zitumwe leo, kwa namba hii nyingine, kuna dharura. Watu tisa walituma. Mtu wa kumi aliona afadhali avuke barabara akamwulize mama mwenyewe kwenye meza yake ya biashara. Ndipo mambo yalipojulikana.

Mama yule hakupotewa na senti moja ya kwake. Kilichoibwa ni jina lake. Kwa wiki nyingi wako walionong'ona kwamba labda alikula njama na mwizi. Kikundi nusura kivunjike, na watoto wawili walichelewa kurudi shuleni.

Mwuza vitumbua alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hizo namba sita, mtu afanyeje?"

Swali zuri. Jibu lake ni kwamba asisomewe mtu yeyote, awe mgeni au ndugu. Tena WhatsApp yenyewe ina nafasi ya kuweka namba ya siri ya pili, ili hata mwenye kuzipata zile sita asiingie. Na kikundi kile kimejiwekea desturi: hakuna atakayetuma fedha kwa ujumbe wa maandishi tu. Sharti ampigie mwenzake kwa namba ya siku zote. Na kwa kuwa siku hizi akili mnemba yaweza kuiga hata sauti ya mtu, huulizana pia jambo dogo wanalolijua wenyewe kwa wenyewe.

KUNUNUA NA KUUZA

Turudi dukani. Mwaka 2016, usiku wa tarehe 16 Juni, simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa amri ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Wengi waliamka asubuhi wakakuta simu zao zimekuwa kama kipande cha ubao. Tangu hapo mnunuzi mwenye busara hubonyeza *#06# kabla ya kutoa fedha. Hutokea namba yenye tarakimu 15, ambayo ni kama namba ya injini kwa gari. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu mezani. Na usiondoke bila risiti, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Zipo pia kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na kwingineko. Nyingi ni nzuri, tena za bei nafuu. Lakini uliza inaendeshwa na programu gani. Ikiwa ni Windows 10, ujue kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida. Mfano wake ni nyumba ambayo fundi wake hazibi tena nyufa zinazoonekana. Na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Muuzaji akikwambia atakutilia programu kwa funguo za wizi, mwambie asante. Mwenye kuvunja kufuli ya mwingine aweza kuacha mlango wako wazi pia. Iko Linux, programu ya bure na ya halali, na mashine nyingi kuukuu huiendesha bila shida.

Halafu kuna flashi, kile kijiti cha kubebea maandishi. Mwalimu hukipeleka steshenari kuchapisha mtihani. Mwingine hukileta na barua za maombi ya kazi. Wote hukichomeka katika kompyuta ileile. Virusi hupita humo kama upele katika kitanda cha bweni. Ni afadhali kuweka nakala nyingine ya kazi yako nyumbani kabla hujatoka.

Wengine huja Aggrey kuuza simu ya zamani. Hao yafaa waambiwe kwamba kufuta picha mojamoja si kuichoma moto. Mara nyingi mashine hufuta jina tu katika orodha, na picha hubaki mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake. Yapasa kurudisha simu nzima katika hali ya kiwandani kwa njia iliyomo katika mipangilio yake, na kutoa laini na kadi ya kumbukumbu. Katika simu za miaka hii, kufanya hivyo huharibu funguo za kusomea yaliyokuwamo.

Je, mafundi ni wezi? La. Nilimwona yule wa benchi akiletewa simu yenye kioo kilichopasuka. Mwenye simu alitaka kumwachia kila kitu pamoja na namba ya siri. Fundi akamwambia: "Dada, toa laini yako uondoke nayo. Kubadili kioo hakuhitaji namba yako ya siri. Ukija kuchukua simu utaifungua mwenyewe, tuijaribu wote wawili." Mtu kama huyo anastahili wateja.

SHERIA NA NAMBA CHACHE

Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Laini zote husajiliwa kwa alama za vidole. Hata hivyo ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" bado watufikia. Sheria humfuata mwizi nyuma. Mlangoni tumo sisi.

Basi ziandike namba hizi. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikaifunge. Kampuni za simu za Tanzania huwapigia wateja wao kwa namba 100. Akija mwingine kwa namba ya kawaida akijiita mtu wa huduma, mkatie simu. Na namba za matapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Saa kumi na mbili jioni Aggrey huanza kufunga. Kabati za vioo huingizwa ndani, milango ya chuma huteremshwa kwa kishindo. Nilimhesabia mwenye duka mmoja kufuli tatu, naye akazivuta moja moja kuhakikisha. Kisha akatoa simu yake, iliyo na fedha za mauzo ya siku ile, ili amtumie mkewe za mboga. Nilimwuliza kwa mzaha kama namba yake ya siri si mwaka aliozaliwa. Alicheka sana, asijibu. Mwaka huo umeandikwa katika kitambulisho chake, na kitambulisho kilikuwa ndani ya kava la simu ileile.

Kama na wewe, ndugu msomaji, umecheka bila kujibu, basi ibadilishe namba hiyo leo kabla hujalala.